Juu ya nini programu inachoka? Namna ya kutafuta kumbukumbu inayovuja



Wengi kati yenu mnakumbuka siku ya proklamasio ya mwaka jana. Mwenzetu mmoja wa mwaka wa tatu alisikia mbele ya wazazi wake kwamba ameanguka. Akarudi nyumbani akilia. Kesho yake wakamwita tena ku biro: kumbe alama zilizosomwa hazikuwa zake, zilikuwa za jirani yake kwenye orodha. Wakamwomba masamaha, wakampa bilten ingine. Lakini machozi ya mbele ya wazazi hayarudi ndani ya macho.

Watu walisema mengi. Wamoja: "Ni kosa ya mama sekretere." Wengine: "Ordinatere iko na virusi." Sisi wa kundi la ordinatere tulitaka kujua ukweli. Virusi hatukukuta. Tulikuta ugonjwa mwingine unaoitwa kumbukumbu inayovuja. Leo ninataka kuwaeleza ugonjwa huu ni nini, na zaidi namna gani unatafutwa, kwa maana yule asiyejua kuutafuta anamwekea mtu mwingine kosa.

1. MAMBO YALIVYOTOKEA

Ku biro kuko ordinatere moja ya mezani yenye kumbukumbu ya giga 2. Ndani yake iko programu ndogo ya kupanga alama, iliyoandikwa na mwanafunzi wa zamani katika lugha inayoitwa Python. Kazi yake ni nyepesi. Mama sekretere anachagua jina la mwanafunzi, dirisha linafunguka, anaona picha yake na alama zake, anahakikisha, anachapa, anafunga, kisha anaendelea na mwingine.

Asubuhi programu inaenda mbio. Karibu na saa sita inaanza kuvuta miguu. Alasiri taa ya diski inawakawaka pasipo kupumzika, na ukifinya kitu unangojea mpaka unasahau kile ulichotaka. Mwishoni inasimama kabisa. Mama anazima, anawasha, na tazama, inaenda mbio tena. Siku moja aliniambia: "Mwanangu, hii masini inachoka sawa mimi." Nikamjibu: "Mama, masini haina mwili, haiwezi kuchoka." Lakini sikuwa na maelezo mengine ya kumpa.

Siku ya mwisho kabla ya proklamasio ilisimama wakati alama za darasa zima zilikuwa hazijaandikwa kwenye diski. Ilipashwa kuandika zote upya usiku ule ule, kwa haraka, mbele ya esanse kuisha ndani ya masini ya umeme. Hapo ndipo mstari mmoja uliruka, na alama za mtu zikaenda kwa jirani yake.

Angalieni vizuri alama za ugonjwa: asubuhi mzima, jioni mgonjwa, na ukizima na kuwasha anapona. Ukiziona hizo tatu pamoja, usikimbilie kusema virusi. Uliza kwanza juu ya kumbukumbu.

2. KUMBUKUMBU NI NINI, NA KUVUJA NI NINI

Ordinatere iko na pahali pawili pa kuweka vitu. Diski inachunga vitu hata umeme ukikatika. Kumbukumbu ya kazi, ile watu wanaita memware, inachunga tu vile programu inavyotumia sasa hivi. Ni ya mbio sana, lakini haiko mingi. Ikijaa, ordinatere inaanza kuhamisha vitu kutoka kumbukumbu kwenda ku diski na kuvirudisha, na diski ni ya polepole. Ndiyo maana taa ile inawakawaka.

Tuseme kumbukumbu ni kama bibliotheke yetu. Vitabu vina hesabu. Kila programu inakuja kuazima. Ikimaliza inapashwa kurudisha, ili vitabu vile vitumike tena. Programu ikiazima kila mara pasipo kurudisha, siku moja kabati linabaki tupu, hata kama hakuna mtu anayesoma. Huko ndiko kuvuja.

Jina hili linaweza kutudanganya. Bido yenye tundu inamwaga maji inje. Kumbukumbu haimwagiki. Iko paka ndani ya masini, lakini imeandikwa kwa jina la mtu asiyeisoma tena. Na programu ikifungwa, Windows ao Linux inanyanganya vyote ilivyoazima na kuvirudisha kabatini. Kwa hiyo kuzima na kuwasha kunasaidia. Lakini kunasaidia sawa vile dawa ya kutuliza maumivu: ugonjwa uko pale pale.

Kuko namna mbili za kurudisha. Katika lugha ya C, iliyotengenezwa na Dennis Ritchie huko Marekani karibu na mwaka wa 1972, mwenye kuazima anarudisha yeye mwenyewe. Mwandishi wa programu akisahau mstari mmoja wa kurudisha, kitabu kimepotea mpaka programu inafungwa. Namna ya pili ilielezwa na John McCarthy mwaka wa 1960, pamoja na lugha yake ya Lisp: kuna mfagiaji anayepita na kukusanya vitabu ambavyo hakuna mtu amevishika. Java na Python ziko na njia za namna hii.

Basi mtu atauliza: kama Python iko na mfagiaji, inavuja namna gani? Swali ni zuri, na jibu lake ndilo ufunguo wa makala hii yote. Mfagiaji haulizi kama kitabu kinasomwa. Anauliza tu kama kuna jina kwenye kaye. Jina likiwa bado limeandikwa mahali fulani, hata pahali pamesahauliwa, mfagiaji anapita na kuacha. Kwa hiyo tukitafuta, hatuulizi paka "Nani alichukua?" Tunauliza zaidi: "Nani anashika bado?"

3. NAMNA YA KUTAFUTA

Kwanza: hakikisha kama inavuja kweli. Usikisie. Katika Windows finyeni Ctrl, Shift na Esc pamoja. Mtaona orodha ya programu na kumbukumbu ambayo kila moja inashika. Katika Linux andikeni top. Lakini mjihazari: namba kubwa peke yake si ushuhuda. Kila programu inapoanza inapanda, maana inafungua vitu vyake. Zingine zinachunga vitu kwa makusudi ili kesho zivipate mbio. Tena namba ikikosa kushuka nyuma ya kazi, haimaanishi kuvuja, maana mara nyingi programu inabaki na nafasi tupu mikononi mwake kusudi iitumie tena. Kitu cha kuangalia ni umbo. Ukirudia kazi ile ile na namba ikapanda kidogo kisha ikatulia kama meza, ni mzima. Ikipanda sawasawa kila mara kama ngazi, ni mgonjwa.

Pili: chagua tendo moja tu, na ulirudie. Mama sekretere anafanya mambo mingi kwa siku moja: anafungua, anachapa, anatafuta, anasahihisha. Tukiyachanganya yote hatutajua ni lipi linavuja. Kwa hiyo tulichukua tendo moja moja. Kutafuta jina: meza. Kuchapa: meza. Kufungua dirisha la mwanafunzi na kulifunga: ngazi.

Na mrudie mara ngapi? Sisi tulichagua 13. Si bahati mbaya wala si uchawi. Ndani ya programu kuna maelfu ya vitu, na hesabu kama 10 ao 100 inaweza kutokea yenyewe. Lakini ukifanya tendo mara 13, na ukakuta kitu kimoja kimeongezeka 13 kamili, kisha ukirudia kikawa 26, umekamata mwizi kwa mkono. Wengine wanachagua 7 ao 17. Mwanzoni fanya tendo mara chache pasipo kupima, ili vitu vya kuanzia viishe kufunguka.

Matokeo yetu: nyuma ya mara 13 za kwanza, karibu mega 25 ziliongezeka. Nyuma ya 13 za pili, tena karibu 25. Ngazi kabisa.

Tatu: hesabu vitu vilivyobaki. Tangu mwaka wa 2014, Python iko na chombo kinachoitwa tracemalloc. Kinapiga picha ya kumbukumbu mbele ya tendo na nyuma yake, kisha kinalinganisha na kusema ni mstari gani wa programu ulioazima. Tulikitumia kwa furaha kubwa, lakini kikatuonyesha kilo chache tu. Mega 25 ziko wapi? Tulikaa na swali hili siku mbili. Jibu ni hili: chombo hicho kinaona tu vile vinavyopita ku mlango wa Python. Picha za wanafunzi zinashikwa chini, na sehemu inayochora madirisha, ambayo imeandikwa katika C. Hizo hazipiti ku mlango ule.

Basi tukaacha kupima uzito, tukahesabu vichwa. Tuliuliza Python: ndani yako muko madirisha ya mwanafunzi ngapi? Ikajibu 13. Tukarudia: 26. Lakini mbele ya macho yetu hakukuwa hata dirisha moja. Yote yalikuwa yamefungwa! Ndiyo kusema yalikuwa yameondoka kwenye kioo, lakini si kwenye kaye.

Hapa uzito pia ulijieleza wenyewe. Picha ya mwanafunzi iko na nukta 600 kwa upana na 800 kwa urefu. Ku diski ni ndogo, maana imekunjwa. Lakini ikifunguliwa katika kumbukumbu kila nukta inachukua okte 4. Fanyeni hesabu: 600 mara 800 mara 4 ni okte 1.920.000, karibu mega 2. Mara 13, karibu mega 25. Sasa chukueni wanafunzi 400: ni mega 768. Na kila dirisha likifunguliwa mara mbili, mara ya kuhakikisha na mara ya kuchapa, ni mega 1.536. Katika masini ya giga 2, ambamo Windows yenyewe inataka pahali pake, alasiri lazima isimame. Haikuchoka. Ilijaa.

Ine: uliza nani anashika. Python inakubali kuulizwa: kitu hiki kimeshikwa na nani? (Swali hilo linaandikwa gc.get_referrers.) Jibu lilikuja mara moja: orodha moja yenye jina "wasikilizaji". Tukaenda kuisoma katika programu. Mwandishi alikuwa na wazo zuri: kama mwalimu anabadilisha alama wakati dirisha liko wazi, dirisha lijulishwe ili lionyeshe alama mpya. Kwa hiyo kila dirisha likifunguka linajiandika ku orodha ya wasikilizaji. Lakini hakuandika mahali popote kwamba dirisha likifungwa jina lake lifutwe. Mstari mmoja tu ulikosekana. Ni kosa ambalo waandishi wa programu za madirisha wanalijua sana, kwa maana kujiandika kunaonekana na kujifuta kunasahauliwa.

Tano: sahihisha, kisha pima tena sawasawa na mara ya kwanza. Hii ya mwisho watu wengi wanairuka. Tuliongeza mstari wa kufuta jina wakati mtu anafinya "Funga". Tukarudia mara 13: hesabu zero. Tukacheka, tukamwita mama sekretere. Akakaa, akafungua na kufunga mara 13 sawa vile tulimwomba. Tukahesabu: 13! Haya yote ni bure? Hapana. Mama hafinyi "Funga". Yeye anafunga na alama ndogo ya msalaba ku kona ya dirisha, na njia ile haikupita mbele ya mstari wetu. Tukauhamisha mstari, tukauunga na kufa kwa dirisha lenyewe, kwa njia yoyote. Tukarudia mara 13, mara 26, mara 130. Hesabu zero. Kumbukumbu: meza.

4. WAKUBWA PIA WANAVUJA

Msifikiri ni ugonjwa wa programu za wanafunzi tu. Firefox, programu ya kusoma intaneti, ilisemwa vibaya miaka mingi kwa kula kumbukumbu. Mwaka wa 2011 wafanyakazi wake walianzisha kazi iitwayo MemShrink, ikiongozwa na Nicholas Nethercote, ili watafute na kupima kuvuja kwa utaratibu. Walikuta kwamba mara nyingi mkosaji haikuwa Firefox yenyewe, ilikuwa ni vipande vidogo ambavyo watu wanaongeza juu yake. Mtu anafunga ukurasa, lakini kipande fulani kinaendelea kuushika. Ni ile ile hadithi ya jina kwenye kaye. Katika Firefox 15, iliyotolewa mwezi wa 8 mwaka wa 2012, waliweka dawa: ukurasa ukifungwa, Firefox yenyewe inakata kamba ambazo vipande vile vilikuwa vinashika. Hata leo ukiandika about:memory katika Firefox, unaweza kusoma hesabu ya kumbukumbu yake.

Kwa programu za C, kuko chombo kinachoitwa Valgrind, kilichotengenezwa na Julian Seward na kutolewa mwaka wa 2002. Kinaifuata programu hatua kwa hatua, kinaandika kila kuazima na kila kurudisha, na mwishoni kinasoma majina ya waliokosa. Programu inaenda polepole sana chini yake, pengine mara 20 ao 30. Lakini ni afazali kungojea saa moja kuliko kukisia mwezi mzima.

Tena haiko kumbukumbu peke yake inayovuja. Katika Windows kila programu inaazima pia vyombo vya kuchorea: kalamu, rangi, herufi. Kwa kawaida programu moja haiwezi kupita 10.000. Programu isiyorudisha ikifika pale, vifungo vinakosa kuchorwa na madirisha yanatoka nusu, hata kama kumbukumbu iko mingi. Dawa ya kutafuta ni ile ile: tendo moja, mara 13, hesabu.

5. JUU YA NINI TUSIZARAU

Huko London, mwaka wa 1992, kazi ya kutuma magari ya wagonjwa ilikuwa imewekwa katika ordinatere. Usiku wa tarehe 4 mwezi wa 11, nyuma ya saa nane ya usiku, mfumo ulianza kwenda polepole, kisha ukasimama. Masini ya pili iliyopashwa kuchukua kazi haikuichukua. Wafanyakazi wakarudia kalamu na karatasi. Wachunguzi walipotafuta sababu, walikuta mistari michache ambayo mwandishi wa programu aliiacha ndani pasipo kutaka, karibu majuma matatu mbele. Kila gari likitumwa, kumbukumbu kidogo ilishikwa pasipo kurudishwa. Kidogo, kidogo, mpaka yote ikaisha. Ile haikuwa masini ya mezani sawa ya kwetu; ilikuwa masini kubwa inayotumikia zingine. Lakini ugonjwa ni ule ule, na waliokuwa wakingojea ni watu wagonjwa.

Mnaona sasa namna kosa hili linafanya kazi. Halipigi kelele siku linapoingia. Ukilijaribu mara moja, kila kitu ni kizuri. Linaonekana tu kwa kurudiwa, na mara nyingi linaonekana siku kazi ni mingi, ndiyo kusema siku mbaya kuliko zote. Kwa sababu linazaliwa kwa kurudiwa, linapashwa kutafutwa kwa kurudia. Kuangalia tu hakutoshi, na kulaumu hakutoshi kabisa.

Kwa wenzangu wanaojifunza kuandika programu, ninawaachia maneno matatu. La kwanza: siku unaandika mstari wa kufungua, andika siku ile ile mstari wa kufunga. La pili: jaribu programu yako na mkono wa mtu mwingine, kwa maana yeye atapita ku mlango ambao wewe hukufikiri. La tatu: kama haujapata dawa, mwambie mwenye kutumia azime programu saa sita na kuiwasha upya, na aandike kazi yake kwenye diski nyuma ya kila darasa. Si aibu. Aibu ni kumwacha apoteze kazi yake.

Semestri hii mama sekretere alipanga alama za shule nzima kwa siku mbili pasipo kuzima masini. Hakuandika kitu upya usiku. Na mwenzetu yule, sasa wa mwaka wa ine, alikuja mwenyewe ku biro kuangalia dirisha lake: picha yake, jina lake, alama zake. Akaliangalia muda mrefu. Kisha akalifunga na msalaba mdogo wa kona, nasi tukahesabu: zero.

Mwanafunzi wa mwaka wa sita, kwa niaba ya kundi la ordinatere